Hii si ya jana

Saa tatu usiku geti likagongwa. Bosi, mbwa wangu, alikuwa kajilaza barazani, akanyanyuka kwa fujo kama kawaida yake, akakata kona pale kwenye ngazi, halafu nikasikia mlio ambao sijawahi kuusikia kwake. Mlio mmoja tu, mfupi, kama mtu aliyekanyaga msumari gizani.

Nilipotoka nikamkuta kasimama kwa miguu mitatu.

Ule wa nyuma wa kushoto kaukunja chini ya tumbo, na ananiangalia huku mkia unatikisika kidogo kidogo, ule mtikisiko wa mbwa anayeomba msamaha wa kosa asilolijua. Aliyegonga geti alikuwa mdogo wangu, kaja kurudisha chaja.

Chaja jamani.

## Nusu kidonge

Nilikuwa najua jambo moja tu kuhusu mbwa aliyeumia, kwamba akiwa na maumivu anaweza kumng'ata hata yule anayemlisha, kwa hiyo mdogo wangu akakaa upande wa kichwa anamsemesha na mimi nikaanza kupapasa kuanzia chini. Katikati ya vidole, labda kuna mwiba. Kucha, labda imechanika. Hamna. Nikapanda kifundo, muundi, kila nikigusa huku nagusa na mguu mzima nilinganishe. Nilipofika gotini akaacha kuhema. Hakuguna, hakubweka, alifunga tu mdomo na kugeuza kichwa akauangalia mkono wangu.

Nikautoa.

"Dada, si umpe ile dawa ya maumivu tunayomeza sisi? Nusu kidonge tu alale."

Na ukweli nitausema, kidonge nilikuwa nimeshakitoa kwenye karatasi yake. Kilichonizuia wala sio elimu, ni woga tu, nikasema ngoja nipige kwanza kliniki, namba yao ya usiku. Dada aliyepokea alinikata kabla sijamaliza sentensi. Usimpe kitu chochote cha binadamu. Ibuprofeni inaweza kumtoboa mbwa tumbo na kumharibia figo, parasetamoli inaweza kumuua ini na kuharibu chembe nyekundu za damu, mwili wake hauzimalizi dawa hizi kama wetu. Halafu akaongeza kitu ambacho nisingekiwaza hata kidogo: hata kama ile nusu isingemdhuru, ingetufunga mikono asubuhi, maana daktari hawezi kuchanganya dawa mbili za jamii hiyo, angelazimika kusubiri ya kwanza iishe mwilini na mbwa anaendelea kuumia.

Nikakirudisha kile kidonge kwenye karatasi. Kiliendelea kuniangalia pale mezani usiku kucha.

Akaniuliza maswali yake haraka haraka. Mguu unaning'inia kwa pembe ya ajabu? Mfupa umetokeza? Damu inatoka kwa wingi? Wayo umepoa kuliko wa pili? Anaburuta miguu yote miwili ya nyuma? Lolote kati ya hayo ningemleta usiku huo huo. Yote hapana. Basi mfungie mahali padogo asizunguke, barafu ndani ya taulo uweke dakika kumi hivi kama atakubali, asubuhi mapema uje. Na usimfunge vijiti.

Nilikuwa nimeshika rula na bandeji. Sijui huwa wanajuaje.

## Fomu

Kliniki unajaza fomu kwanza. Jina la mnyama, umri, Bosi ana miaka sita, halafu kuna mstari unauliza: tatizo lilianza lini? Nikaandika kwa kujiamini kabisa, tena herufi kubwa.

GHAFLA. JANA USIKU.

Daktari alikuwa mzee mmoja mpole, asiye na haraka hata kidogo. Aliisoma fomu, hakusema kitu. Wala hakugusa mguu. Alituambia tumtembeze Bosi kwenye korido, kwenda na kurudi, yeye kaegemea mlango anaangalia tu, na Bosi sasa alikuwa anagusa chini kwa ncha za vidole, anagusa na kunyanyua, mimi moyoni nikawa nasema si unaona anaanza kupona. Halafu yule mzee akaenda kusimama nyuma yake, akainama, akazungusha viganja kwenye mapaja yote mawili kwa pamoja, kama fundi anayepima suruali.

Akakaa hivyo muda.

"Mwanangu," akasema, "hii si ya jana."

Nikabisha. Aisee nilibisha. Nikamwambia daktari ni ya jana, saa tatu, mimi mwenyewe nilikuwepo, niliusikia mlio. Hakunijibu, alinishika mikono akaiweka pale pale ilipokuwa ya kwake. Paja la kulia limejaa, gumu, paja la mbwa. La kushoto vidole vyangu vilizama.

Paja halikondi kwa usiku mmoja.

## Kamba

Kwanza alimchoma sindano ya kumlegeza, maana mbwa akikaza misuli goti linaweza kudanganya hata mtaalamu. Bosi alipolegea akashika fupa la paja kwa mkono mmoja na muundi kwa mkono mwingine, akasukuma taratibu, na muundi ukatoka mbele kama droo ya kabati. Ukarudi. Ukatoka tena. Goti zima halifanyi hivyo. Nilitamani aache.

Ndani ya goti kuna ligamenti, zile kamba ngumu zinazofunga mfupa kwa mfupa, na mojawapo kazi yake kubwa ni kuuzuia muundi usichomoke kwenda mbele. Hiyo ndiyo ilikuwa imekatika. Hata sisi tunayo, wachezaji mpira ndio wanaoijua vizuri, mtu anageuka kwa kasi mguu umeganda chini mwili umeshakwenda, pu, kwisha msimu. Kwa hiyo picha niliyokuwa nayo kichwani ni hiyo, ajali, kona ya ngazi, geti, chaja.

Mzee akatikisa kichwa. Kwa mbwa walio wengi sivyo inavyokwenda. Mbwa akisimama goti lake limekunjwa muda wote, halinyooki kama letu, na juu ya muundi pale fupa la paja linapokalia pameinama kwenda nyuma kama mteremko wa paa. Kwa hiyo kila hatua, kila siku, fupa la paja linataka kuteremka nyuma na muundi unasukumwa mbele, na anayeshikilia ni kamba hiyo. Nyuzi zake zinachakaa. Zinakatika moja moja, kwa miezi, wakati mwingine hata zaidi, goti linavimba kidogo kwa ndani, mbwa anahamishia uzito kwenye mguu wa pili bila kumwambia mtu, halafu siku moja anageuka kona ambayo kashaigeuka mara elfu na ule uzi wa mwisho unakubali.

Eksirei kamba yenyewe haiionyeshi. Ilionyesha goti limejaa maji, na pembezoni mwa mifupa vijipembe vidogo vyeupe ambavyo daktari alivifuata kwa ncha ya kalamu. Baridi yabisi ya goti, akasema, na hivi navyo havioti kwa usiku mmoja.

Nikamuuliza lile swali la kijinga ambalo nadhani kila mtu huuliza. Sasa mbona hakulia?

"Alikwambia. Hakulia tu."

## Simu yangu

Hilo ndilo lililonikaa rohoni wiki zote hizi na ndilo limenifanya niandike. Mguu wenyewe wala sio.

Ile jioni tuliyorudi niliingia kwenye picha za simu nikaanza kurudi nyuma. Sijui nilikuwa natafuta nini, nafikiri nilitaka ushahidi kwamba mzee kakosea. Wiki moja nyuma, anakimbia, safi. Mwezi mmoja, kalala. Miezi miwili, nikakutana na video yake akikaa. Mbwa akikaa vizuri anakunja miguu ya nyuma chini yake sawasawa. Bosi kwenye ile video kakalia tako moja, mguu wa kushoto kautupa nje kwa pembeni, na sauti yangu inasikika nyuma nacheka, namwambia umekaaje we mzee, kwani una kikao?

Nikaiangalia labda mara ishirini.

Kuna nyingine ya miezi mitano. Hapo mguu umetoka kidogo tu, na nakumbuka kabisa siku hiyo niliuona na nikajiambia labda ni sakafu, si unajua vigae vinavyoteleza. Ikaishia hapo.

Ukishaanza kuona huwezi kuacha. Asubuhi alikuwa akiamka anatembea mkavu mkavu hatua kumi za kwanza halafu anafunguka, mimi nikawa nasema usingizi huo. Kwenye gari alikuwa anaruka mwenyewe kabla sijamaliza kufungua mlango, halafu ikafika siku anaweka miguu ya mbele tu na kusubiri, na mimi namsukuma matako juu huku namwambia mvivu mkubwa wewe, uzee gani huo kwa miaka sita. Mvivu. Nilimwita hivyo miezi na miezi na yeye akawa anatikisa mkia.

Mficha maradhi kifo humuumbua, ndivyo tulivyofundishwa, lakini aliyetunga ule msemo alikuwa anamzungumzia binadamu, mwenye mdomo na majirani. Mbwa kaumbwa aendelee na safari. Hafichi kwa ujanja, anapunguza tu kitu kimoja kimoja, mruko huu, ngazi ile, na wewe unayekaa naye kila siku unazoea kila kinachopungua ndani ya siku mbili. Mgeni angeona haraka kuliko mimi. Tena mdogo wangu, huyo huyo wa chaja, aliwahi kuniuliza mbona Bosi siku hizi hapandi kochi. Nilimjibu kwamba hatimaye kapata adabu.

## Siku ya tisa

Daktari alinipa njia mbili. Mbwa wadogo, wale wa chini ya kilo kumi na tano hivi, wengi wanaweza kupumzishwa wiki kadhaa, wapunguzwe uzito, wapewe dawa, na goti likajitengenezea makovu ya kulishikilia. Mbwa mkubwa njia hiyo mara nyingi haimtoshi, na Bosi ana kilo 34. Ningeweza kujaribu wiki mbili za mapumziko kwanza niangalie, akasema, ila yeye angependa upasuaji.

Nikachagua mapumziko. Nilisema ni kwa ajili yake, asiteseke na kisu. Leo nikijiuliza vizuri nadhani nilichokitaka ni ile njia ambayo ndani yake tatizo lilikuwa dogo, maana kama tatizo ni dogo basi hata kutoliona kwangu ni kudogo.

Alipewa meloksikamu, dawa ya maumivu ya mbwa kweli, ya kupimwa kwa kilo zake na kupewa pamoja na chakula. Na ilifanya kazi, hapo ndipo tatizo lilipoanzia. Siku ya sita anakanyaga. Siku ya nane anakanyaga vizuri. Siku ya tisa nikamwangalia nikasema huyu mbwa kapona, kamba ya shingoni ya nini kwenda kukojoa, nikamfungulia mlango tu.

Akamuona paka.

Mlio wa safari hii ulikuwa tofauti. Na usiku alipokuwa anahama kutoka godoro moja kwenda lingine nilianza kusikia kitu gotini, tak, kila akikunja, kama mtu anabonyeza kalamu. Kati ya ile mifupa miwili kuna mito ya gegedu inayopokea uzito, na goti lisilo na kamba likiteleza linaweza kuubana mto mmoja na kuuchana. Daktari alipolisikia lile tak hakunigombeza. Ningefurahi kama angenigombeza.

Dawa ilikuwa imeondoa maumivu, haikurudisha kamba. Na maumivu ndiyo pekee yaliyokuwa yanamwambia Bosi asikimbie, mimi nikayazima halafu nikafungua mlango. Sentensi hii nimeifuta na kuiandika mara tatu hapa, naiacha.

## Kisu

Upasuaji wenyewe mi naona ni wazo la mtu mkorofi na mwenye akili sana. Nilidhani watashona kamba. Hawashoni. Kuna namna ya kupitisha uzi mgumu wa nailoni nje ya goti ulishikilie wakati mwili unatengeneza makovu, na kwa mbwa wadogo hiyo hutumika sana. Kwa Bosi walikata kabisa kile kichwa cha muundi, mkato wa duara, wakakizungusha mpaka ule mteremko wa paa ukawa karibu bapa, wakafunga kwa bamba la chuma na skrubu. Kamba haikurudi, ila ile kazi ya kamba imepunguzwa kwa kubadilisha umbo la mfupa. Aliyeubuni mkato huu ni daktari wa wanyama wa Marekani, Barclay Slocum, na maelezo yake yalichapishwa 1993. Nilisoma kila kitu usiku ule wa kuamkia upasuaji, saa nane, kana kwamba mimi ndiye ninayekwenda kukata.

Kitu kingine nilichosoma usiku huo kiliniuma zaidi. Kuna utafiti wa mbwa 48 wa aina ya Labrador uliochapishwa 2002, walifuatwa tangu wakiwa watoto hadi kufa, wakapangwa wawili wawili, mmoja anapewa chakula pungufu kwa robo kuliko mwenzake. Waliokula pungufu waliishi karibu miaka miwili zaidi, na maumivu ya viungo yaliwafika wakiwa wamekwenda umri sana. Asubuhi daktari aliniambia nipitishe vidole kwenye mbavu za Bosi bila kukandamiza. Sikuzipata. Kilo 34 zilitakiwa ziwe 28, na zile sita nilimpa mimi kwa mkono wangu, kipande kimoja kimoja, chini ya meza, kwa upendo.

Kwa hiyo ndio, upendo. Sijui niuweke wapi huu.

## Wiki kumi na moja

Sitawachosha na kipindi cha kupona, aliyepitia anajua na asiyepitia ataona nazidisha chumvi. Kola ya plastiki shingoni inayogonga kila mlango. Mazulia sebule nzima ili asiteleze. Kamba hata kwenda kukojoa, dakika tano, hatua za pole pole, mguu ukienda haraka anaurusha tu hautumii, ukienda polepole analazimika kuukanyaga. Hakuna ngazi, hakuna kochi, hakuna mchezo. Analala karibu na mlango anaangalia paka akipita.

Wiki ya nane wakapiga eksirei, mfupa umeshika. Paja linarudi, kila Jumapili nalipima kwa futi ya fundi na kuandika kwenye daftari, mdogo wangu ananicheka. Kilo 30 sasa.

Siku ile ya eksirei nilimuuliza mzee swali nililokuwa nalikwepa. Na ule wa pili? Akavua miwani akaifuta kwanza. Karibu nusu ya mbwa waliokatika mmoja, akasema, hukatika na wa pili baadaye, wengi ndani ya mwaka au miwili, maana kilichochakaza huu hakikuwa kwenye huu peke yake. Halafu akaniuliza, "Sasa utajua lini?"

Sikumjibu. Lakini tangu hapo nina faili kwenye simu, kila siku ya pili namrekodi akikaa, akiinuka, akitembea kuja kwangu na kuondoka. Video za sekunde kumi kumi zisizo na utamu wowote. Sichekeshi tena kwa nyuma.

Jana jioni nilimwambia kaa, akakaa. Mguu wa kushoto, wenye chuma, umekunjwa vizuri kabisa. Wa kulia ulitoka nje, kidogo, upana wa vidole viwili. Nikamwinua, nikamwambia kaa tena. Ukaingia. Mara ya tatu ukatoka.

Inawezekana ni sakafu. Zulia lile lilikuwa limesogea.

Nimempigia mzee, tunaenda kesho asubuhi saa mbili. Fomu nimeomba wanitumie leo, niijaze nyumbani na simu iko pembeni.